Mama Kocha na Wahitimu Wake wa Rugenge

Watu wengi wa Uvira waliomfahamu mwanamke huyu kwa mbali waliamini kwamba alikuwa na timu ya mpira. Alipoanza kazi yake pale mtaa wa Rugenge, alibandika kibao kidogo mlangoni kuwaambia wapita njia kwamba ndani kuna kocha wa viongozi. Hazikupita wiki mbili wakaja vijana watatu wa Kasenga, wamevaa jezi, wakamwomba achukue timu yao kwa sababu kocha wao alikuwa amehamia Bukavu.

Mtu mwingine angewacheka na kuwarudisha. Yeye aliwapa viti, akamgeukia kapteni wao.

"Mukifungwa goli, nani anaongeaka wa kwanza?"

"Ni minye, Mama. Ninawaongelesha mpaka wote wananyamaza."

"Na wakisha kunyamaza, weye unajua wanawaza nini?"

Timu ile haikuchukua kikombe chochote mwaka ule, lakini kapteni alirudi Jumamosi nne mfululizo kuzungumza naye, na mji ukashika jina: Mama Kocha. Sisi tuliosoma kwake tulijaribu kumwita Mkufunzi, kama ilivyoandikwa kwenye karatasi za mafunzo. Hakuitika. "Huyo Mkufunzi iko mu karatasi," alisema. "Minye niko hapa."

Kazi yake hasa ilikuwa kuketi na wakubwa: wakuu wa shule, madaktari wakuu, wenyeviti wa vyama vya wakulima kule bonde la Ruzizi, hata wakuu wa biro za serikali ambao hawakutaka kuonekana wakiingia kwake. Mkubwa akiwa na uamuzi mgumu hana wa kumwambia. Akimwambia msaidizi wake, ataonekana dhaifu. Akimwambia mke wake, atamtia hofu. Basi anaenda kwa Mama Kocha, wanakaa saa moja, anaulizwa maswali mpaka ajisikie mwenyewe anachofikiri. Hapewi shauri. Wengine walitoka siku ya kwanza wamekasirika, wakidai kwamba walitaka dawa wakapewa maswali. Wengi wao walirudi.

Kabla ya hapo alikuwa mkuu wa wafanyakazi katika kampuni moja ya boti bandarini Kalundu, miaka mingi. Hakupenda kuizungumzia ile kazi. Mara moja tu alituambia, tena akiwa anapanga vikombe: "Nilifukuza batu wengi mbele ya kujua kuwauliza swali." Kisha akauliza nani anataka sukari.

*

Nilimfahamu nikiwa prefe, yaani mkuu, wa shule ya sekondari Kasenga. Walimu walinyamaza nilipoingia chumbani mwao, na mimi nilidhani hiyo ndiyo heshima. Wenye shule walikuwa wamemwomba azungumze na wakuu wa shule zao zote, mmoja mmoja, na zamu yangu ilipofika nilimpokea ofisini kama anavyopokelewa inspekta: madaftari yamepangwa, takwimu za mitihani ziko tayari. Hakuyatazama.

"Papa Prefe," aliniuliza, "mara ya mwisho mwalimu wako kukuambia 'apana', ilikuwa lini?"

Nilifikiri sana. Nilitazama dari. Nikasema labda mwaka jana, kuhusu ratiba, halafu nikakumbuka kwamba yule mwalimu hakusema hapana, aliacha kazi.

Alingoja. Alijua kungoja kuliko mtu yeyote niliyepata kumwona. Wewe unafikiri amesinzia, au amesahau, unaanza kujaza ukimya kwa maneno, na kumbe maneno hayo ndiyo aliyokuwa akiyangojea. Siku ile nilimweleza mambo ambayo sikuwahi kumweleza hata padri wangu. Baada ya miaka miwili niliacha uprefe na kwenda kusoma kazi yake. Nilikuwa katika promosheni ya pili, kundi la pili la wanafunzi wake, watu saba.

Bibi yangu, mama wa watoto wangu, hakuwahi kuelewa jinsi mwanamke huyo alivyoweza kufundisha ukimya. Maana nje ya saa ile moja ya kazi, Mama Kocha hakuweza kunyamaza. Alimfundisha fundi cherehani kushika kitambaa. Alimfundisha dereva wa pikipiki kukanyaga breki, tena wakiwa mwendoni, akimpiga begani. Muuza ndagala akimwona anakuja alianza kufunika beseni, kwa sababu angeambiwa samaki hawakuanikwa vizuri, wamelala kwenye mchanga badala ya waya. Siku ya kwanza alipokuja kwetu Nyamianda kula, aliinuka mezani, akaingia jikoni, akahamisha mbabula, lile jiko la makaa, kutoka dirishani hadi mlangoni, akarudi kuketi.

Alipoondoka bibi yangu akaniuliza, "Huyu ndiye anakufundisha kutotoa mashauri?"

Nilimwambia ndiyo. Akaenda kurudisha mbabula mahali pake. Baada ya siku tatu nikaikuta tena mlangoni. Moshi ulikuwa umepungua, na hakuna aliyelizungumza.

*

Lililotukera zaidi ni vyeti vyake. Vilikuwa na mwisho. Ukihitimu unapewa cheti cha miaka miwili, na ili kirefushwe ni lazima uonyeshe kwamba umeendelea kujifunza: umesoma nini, umemtazama nani akifanya kazi, nani amekutazama wewe, na wapi umeshindwa. Katika mji ambako diplome inawekwa kwenye fremu na kutundikwa juu ya televisheni mpaka mwenyewe azikwe, hilo lilikuwa tusi.

Bahati ndiye aliyesema waziwazi. Bahati alikuwa wa promosheni ya kwanza, mwalimu wa chuo, mwerevu, mwenye ulimi mwepesi. Alisimama mbele ya wote.

"Mama, diplome haiozaka."

"Ni kweli," akamjibu. "Haiozaka. Weye ndiye unaoza."

Tulicheka, na Bahati alicheka, lakini kuanzia siku ile hakuna aliyefungua tena mjadala huo.

Alikuwa na tabia ya kupiga simu bila taarifa. Unaweza kuwa sokoni, au umepanda pikipiki. Anakusalimu, anauliza hali ya watoto mmoja mmoja kwa majina, anauliza goti la mama yako, kisha bila kubadili sauti: "Haya. Nani amekutazama ukifanya kazi mwezi huu?" Kama hakuna, alinyamaza. Ukimya wake kwenye simu ulikuwa mbaya kuliko wa ana kwa ana, maana uliusikia ukila yuniti zake yeye mwenyewe na bado hasemi kitu.

Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi wahitimu wote tulikutana. Tuliita kikao hicho Duara. Tulifanyia katika chumba cha shule ya ushonaji. Cherehani zilisukumwa ukutani, viti vya plastiki vikapangwa mviringo, na tuliporudi nyumbani suruali zetu zilikuwa zimejaa nyuzi. Tulianza kwa sala, na mara nyingi aliyesali alikuwa mhitimu mmoja tuliyemwita Pasta, mtu wa milimani, mwenye sala ndefu. Mama Kocha alikuwa Mwislamu. Aliinamisha kichwa kwa adabu kama sisi wote, lakini saa ikisogea aliinua jicho moja: "Pasta, Mungu amesikia." Pasta akasema amina.

Kisha mmoja wetu alileta kazi iliyomshinda, kwa dakika kumi. Wengine tuliruhusiwa kuuliza tu. Kulikuwa na maneno yaliyokatazwa katika chumba kile: "Minye ningekuwa weye." Mtu akiyaanza, Mama Kocha aliinua kidole, na msemaji aliyameza. Wakati mwingine aliinua kidole huku yeye mwenyewe akiwa ametoka tu kumwambia mpishi wa chai jinsi ya kuchemsha maji.

*

Sasa nifike kwenye kosa langu. Ninalisimulia kwa ruhusa. Kabla ya kuandika sehemu hii nilimwendea mwanamke inayemhusu, nikamsomea. Akafuta mistari miwili, iliyobaki akasema iende.

Alikuwa mkurugenzi wa zahanati ndogo ya uzazi, na alikuwa mteja wangu. Muuguzi hodari, aliyepandishwa cheo ghafla juu ya watu waliomzidi umri. Baada ya miezi mitatu aliniambia kitu ambacho hakuwa amemwambia mtu: kabla ya kila mkutano na madaktari na wakunga wake, alifunga mlango wa ofisi, akalia, akanawa uso, kisha akatoka na sura ya chuma. Nilijivuna sana siku ile. Nilijiona nimekomaa, mteja amefunguka.

Jumamosi ya mwisho nikalipeleka jambo hilo kwenye Duara. Sikutaja jina. Lakini nilisema ni zahanati ya uzazi. Nilisema ana miwani. Na watu walipoanza kutabasamu nikanogewa, nikainuka, nikaigiza anavyonawa uso na kujipiga mashavu kabla ya kufungua mlango. Chumba kizima kilicheka. Mama Kocha naye alicheka.

Shemeji yake Bahati alikuwa mkunga katika zahanati ileile. Bahati alimtambua mkurugenzi kabla sijakaa. Jioni, mezani, akalisimulia kama kichekesho. Ilipofika Jumatano, wakunga walikuwa wakipitisha viganja usoni kila mkurugenzi alipopita. Na wiki iliyofuata kamati ya zahanati ilitakiwa kukaa ili iamue kama anaendelea na kazi au hapana.

Bahati mwenyewe ndiye aliyenipigia simu. Tukaenda kwa Mama Kocha wote wawili. Alitusikiliza mpaka mwisho. Hakupandisha sauti.

"Prefe, nani alikupa ruhusa?"

"Sikutaja jina, Mama."

"Sikukuuliza jina. Nilikuuliza ruhusa."

Bahati alijaribu kuniokoa. Akasema pengine maneno yatapoa, tungoje kamati ikae kwanza, tusichochee moto.

"Mkurugenzi atasikia ao hatasikia?" Mama Kocha akauliza.

"Pengine hatasikia," nilisema.

"Atasikia. Bado tu kuchagua kama atasikia kwako ao kwa kicheko cha mwingine." Akachukua mtandio wake kwenye kiti. "Kesho asubuhi. Nitakusindikiza. Lakini mulangoni nitabaki, maana siye minye niliyesema."

Sijawahi kutembea njia ndefu kama ile, na ni dakika ishirini tu kwa miguu. Mvua ilikuwa imenyesha, tuliruka madimbwi, na yeye njia nzima hakuniambia nikaseme nini. Nilimwomba. "Mama, nianzeje?" Akajibu, "Unaona unaanza wapi?" Nilitamani kumwacha pale barabarani.

Tulipofika, alikaa kwenye benchi la nje kati ya wajawazito waliokuja kupimwa, na nilipokuwa bado nagonga mlango nilimsikia akimwambia mmoja wao kwamba viatu vile vitamvimbisha miguu.

Mkurugenzi alinipokea kwa uchangamfu. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama: nilichosema, mbele ya nani, kilivyofika kwa wakunga. Nilimweleza hata kuhusu kuigiza. Alivua miwani akaiweka mezani. Nilingoja, na safari hii sikuwa ninangoja kwa ufundi. Nilikuwa ninangoja kwa sababu sikuwa na haki ya kusema tena.

"Minye nilikuambia weye," alisema mwisho. "Sikuambia muji."

"Ni kweli, Mama. Nisamehe."

Akauliza, "Nani iko nje?"

"Ni Mama Kocha."

"Mwambie aingie. Weye toka."

Nikatoka, nikakaa kwenye benchi mahali alipokuwa amekaa. Wajawazito walinitazama kwa huruma, wakidhani nimepewa habari mbaya ya mke wangu. Mmoja akanisogezea nafasi. Nilikaa hapo zaidi ya saa nzima. Yaliyosemwa ndani sikuwahi kuyajua. Si yeye wala Mama Kocha aliyeniambia.

Lililofuata nilihadithiwa na shemeji yake Bahati. Mchana uleule mkurugenzi aliwaita wafanyakazi wote uani, pale wanapochanjia watoto. Alisimama bila miwani.

"Mumesikia kama ninaliaka mbele ya mikutano," aliwaambia. "Ni kweli. Ninaliaka juu ya kuwaogopa. Sasa mumejua. Tunaweza kuanza mukutano."

Hakuna aliyecheka. Mkunga mmoja mzee, yule aliyeogopwa na wote, akasema, "Mama, na sisi tulikuwa tunakuogopa weye. Tuliona ile sura yako, tukasema huyu hatupendi." Wakazungumza mpaka wagonjwa wakaanza kulalamika. Kamati ilipokaa, wakunga walituma mjumbe kusema wanamtaka abaki. Akabaki. Yuko pale hadi leo, na akina mama wa Nyamianda na Kasenga wanamsifu.

Lakini kwangu hakurudi. Tukikutana sokoni ananisalimu vizuri, ananiuliza hali ya nyumbani, basi. Hilo nimelikubali. Alikuwa mtu wa kwanza kunifungulia moyo katika kazi hii, na nilimgeuza mchezo wa kuigiza.

*

Jumamosi iliyofuata Mama Kocha aliita Duara la dharura. Mimi na Bahati tulieleza wenyewe. Tulipomaliza, akasimama.

"Na minye nilicheka," alisema. "Siku ile nilisikia habari inatoka nje ya mipaka, na nilipaswa kuinua kidole. Sikuinua, sababu ilikuwa tamu. Muniandike na minye."

Pasta, aliyeshika daftari la kikao, alimtazama kama haamini. Kwa miaka yote alituambia tulete tuliposhindwa, na hatukuwahi kumwona akileta lake. Tulikuwa tumeanza kufikiri hana. Pasta akaliandika jina lake chini ya majina yetu.

Alifunga Duara kwa miezi mitatu. Tulijifunza upya jinsi ya kuleta kazi bila kumleta mtu: unaomba ruhusa kwanza, kisha unaondoa mahali, unaondoa cheo, unaondoa miwani na machozi, mpaka mwenye habari akisikia asijitambue, na kikibaki kitu, hicho ndicho swali lako. Mara nyingi kilichobaki kilikuwa ni kuhusu sisi wenyewe. Mimi na Bahati tulirudishwa kukaa na promosheni mpya kama wanafunzi. Nilikuwa na mvi. Wenzangu darasani walikuwa watoto wa rika la binti yangu, mmoja nilikuwa nimewahi kumfukuza shule kwa kuchelewa.

Nilitaka kuacha. Nilimwambia bibi yangu kwamba mtu mzima hawezi kuaibishwa namna ile.

"Alikuambia uache?" aliniuliza.

"Hapana. Aliniambia nianze saa tatu."

"Basi nenda, utachelewa."

Nilikwenda. Yule kijana niliyemfukuza aliniwekea kiti.

*

Halafu vita vikasogea, na wahitimu tukatawanyika. Mimi na familia yangu tulivuka mpaka tukapata chumba kwa shemeji yangu Bujumbura. Bahati alishuka na boti hadi Kalemie. Pasta aliishia kambini upande wa Burundi na watu wa kanisa lake. Mmoja yuko Kigoma. Mama Kocha alikataa kuondoka Uvira. "Na haya magoti, niende wapi?" alituambia, na tulijua kwamba si magoti.

Wiki za kwanza tulisikia tu nani yuko hai. Kisha Jumamosi moja, saa tatu asubuhi, simu yangu ikaleta ujumbe wake wa sauti kwa wahitimu wote, nyuma kuna jogoo. "Wahitimu, muamuke. Leo ni Jumamosi ya mwisho. Nani iko na kazi iliyomushinda?"

Bahati alikasirika. Alituma jibu kwamba watu hawana chakula, hawana shule, huu si wakati wa Duara. Jibu la Mama Kocha lilichukua nusu siku kufika kwa sababu ya mtandao.

"Chakula tutasaidiana, na tayari tunasaidiana. Lakini pale muko, nani anaongoza? Nani anamusikiliza?"

Aliyejibu ni Pasta. Kambini kwake walikuwa wamemchagua mama mmoja kuongoza kamati ya maji, na kila asubuhi foleni ya bomba iligeuka ugomvi. Mama yule alikuwa amechoka, anataka kujiuzulu. Pasta alikuwa ameomba ruhusa yake kwanza, na alisema hivyo kabla ya yote. Alikuwa amemshauri mara tano, kila shauri limeharibika.

Duara lile lilichukua siku mbili. Swali kutoka Kigoma, na mawimbi nyuma yake. Swali kutoka Kalemie, na Bahati akisema haraka haraka kabla betri haijaisha. Ndiyo, Bahati, aliyekuwa amekasirika. Swali langu, nimejificha msalani kwa shemeji yangu kwa sababu ndiko kulikokuwa kimya. Hakuna aliyesema "minye ningekuwa weye". La Mama Kocha lilikuja la mwisho: "Pasta, yule mama, umemuuliza kama anataka kujiuzulu ao anataka kupumuzika?"

Pasta akamuuliza. Alitaka siku moja ya kupumzika. Wakagawana zamu, watu wanne, naye akaendelea kuongoza. Miezi kadhaa baadaye Pasta alitutumia sauti ya yule mama mwenyewe, akitusalimu mmoja mmoja kwa majina, ingawa hajawahi kuona sura zetu.

Katika muda huohuo, bila kutuambia, Mama Kocha alikuwa akipanga nani ampokee nani. Mhitimu aliyekwenda Kigoma alikuta mtu bandarini amemngojea na sufuria na magodoro. Tulipomuuliza, alikana. "Minye niko na kazi ya maswali," alisema. "Mambo ya masufuria, muulize mwingine."

*

Mwaka huu nilirudi Uvira. Wengi wamerudi, wengine bado. Chumba cha ushonaji kimefunguliwa tena, na ninafundisha promosheni mpya pamoja na yule kijana niliyemfukuza shule. Yeye anajua mambo ya simu na mtandao kuliko mimi, na anawaunganisha waliobaki mbali. Tuko watu wanane chumbani na kumi na mmoja kwenye simu.

Mama Kocha hafundishi tena. Anatembea polepole, na fimbo ambayo anapenda kuinyooshea watu. Nilimkuta asubuhi moja mbele ya chumba, ameketi kwenye ngazi za saruji, wanafunzi wakiwa bado hawajafika. Nilimwambia kwamba nataka kuandika habari zake.

"Za nini?"

"Ili wanaokuja wajue tumetoka wapi."

Alifikiri. "Andika. Ya kucheka, andika. Ya mbabula usisahau, juu bibi yako hajanisamehe. Lakini jina langu acha. Wataanza kuuliza nyumba iko wapi na mutoto wa nani."

Nilikubali. Nilidhani tumemaliza, nikataka kufungua mlango. Akanishika mkono.

"Prefe, uko na saa moja?"

Nilisema ninayo. Nilifikiri anataka nimsindikize sokoni.

"Apana. Saa moja ya kazi. Kuna jambo linanishinda, na sina wa kuniuliza."

Katika miaka yote niliyomfahamu, hakuwa ameketi upande ule wa mazungumzo mbele yangu. Nilikaa ngazi moja chini yake. Nilimuuliza anataka kuanzia wapi, akaanza. Mara mbili nilijua kabisa la kumshauri. Lilikuwa limefika mdomoni, lilikuwa zuri, na nililirudisha. Mara moja niliuliza vibaya, akakunja uso, nikauliza tena. Kisha akanyamaza, muda mrefu, pikipiki zikipita, nami nikangoja bila kujaza chochote.

Alipomaliza alifuta macho na ncha ya mtandio. Akacheka kidogo, peke yake, kama mtu aliyepata ufunguo mfukoni mwake mwenyewe. Alijiinua kwa fimbo, akasema, "Haya, nimeona," akashuka kuelekea barabara kubwa, na nikamwona anamsimamisha dereva wa pikipiki, anamwonyesha jinsi ya kushika usukani kabla hajapanda.

Fundi cherehani wa chumba cha pili alikuwa akitutazama muda wote kutoka dirishani. Akatoka nje na kitambaa mkononi.

"Papa Prefe, mbona mumekaa vile? Mama Kocha iko na shida gani? Nimeona kama analia."

"Alikuwa anapumzisha magoti," nilimwambia, nikaingia ndani kupanga viti.